Prosesa Niliyoirudisha Pinetown

Mwanamke niliyeishi naye Durban alinipa mwezi mmoja. Dada yake alikuwa amepata chumba Pretoria, na kazi ya kushona kwa ajili ya wote wawili, na kila wiki alipiga simu kuuliza lini. "Nitamwambia siji," mwenzangu aliniambia, "lakini nataka kuona kama wewe unakaa. Maneno yako ninayo mengi."

Alikuwa na haki. Niliacha shule Tanga nikiwa darasa la sita, na tangu hapo sikuwahi kumaliza mwaka mahali pamoja. Nilikaa Beira mpaka nilipojua winchi inavyonyanyua magogo, nikakaa Blantyre mpaka nilipojua mkate wa dukani unaumuliwaje, na nikishajua kitu, miguu inaanza kuwasha. Yeye alikuwa mzaliwa wa Bujumbura. Alitoka kwao kwa sababu ya vita, na kwake kuhama hakukuwa udadisi hata kidogo. Aliniambia mara nyingi kwamba kinachomtisha kwangu si wanawake wala pombe. Ni kwamba vitu vyangu vyote vinaingia kwenye begi moja na zipu inafunga.

Kitu kimoja tu hakikuingia kwenye begi. Ofisi moja ya meli bandarini ilikuwa inahamia jengo lingine, nami nilikuwa kibarua wa kubeba meza. Walikuwa wanatupa kompyuta, nikaiomba. Niliisukuma hadi chumbani kwetu kwa kigari cha supamaketi, skrini imelazwa juu ya koti langu, na kila robot, yaani taa ya barabarani, ilipokuwa nyekundu watu waliniuliza naiuza bei gani. Sikuwa naiuza. Nilitaka kujua ndani yake kuna nini.

Jirani mmoja Mkongo alitupatia CD ya mchezo wa mbio za magari. Tulicheza wawili kwenye kibodi moja, mwenzangu akishika vitufe vya usukani, mimi mafuta na breki, mabega yamegusana. Sijawahi kugombezwa vile maishani.

"Breki, wewe bwana! Breki! Unataka kutuua?"

"Si umesema tuwahi?"

"Tuwahi wapi? Kaburini?"

Hatukushinda hata mara moja. Kulikuwa na kona baada ya daraja ambapo magari yote sita yalikusanyika, na hapo mashine ilizidiwa. Picha ilikatika, gari likaruka kutoka hapa hadi kule bila kupita katikati, na tulipolipata tena lilikuwa limekumbatia ukuta.

Ni yeye aliyelitaja kwanza suala la kuitengeneza. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Pinetown, akienda na kurudi kila siku kwa teksi, daladala za huko, na karibu na kituo cha teksi alikuwa ameona kibanda cha fundi. "Iko Mtanzania mwenzako pale, anatengeneza kompyuta. Nimemuuliza. Amesema ubadilishe prosesa. Unanunua, unaweka, basi." Alilisema kama anavyosema habari ya pazia. Wiki ileile alikuwa amenunua pazia la dirisha letu na kulipigilia mwenyewe.

Leo naliona jambo lenyewe wazi. Mtu anayeondoka hanunui kipuri cha mashine asiyoweza kuibeba. Angeniona nanunua, angempigia dada yake simu kumwambia haji. Lakini wakati ule nilisikia swali la mashine tu, na swali lilikuwa zuri: je, prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta, ingesaidia, au tungekuwa tumetupa pesa? Nilinunua daftari siku hiyohiyo.

Kwanza nilipima tulichokuwa nacho. Mchezo ule ulikuwa na sehemu ya kuonyesha, pembeni mwa skrini, ni picha ngapi zinachorwa kwa sekunde moja. Kwenye barabara tupu zilikuwa ishirini na tisa. Kwenye kona ya daraja, kumi na nane. Nilipopunguza ukubwa wa picha, kona ya daraja ilipanda hadi ishirini na tatu. Niliandika yote. Nilimuuliza kila mtu aliyewahi kugusa kompyuta, nikasoma magazeti ya kompyuta nikiwa nimesimama dukani mpaka nilipofukuzwa.

Fundi wa Pinetown alikuwa mtu wa Moshi, mkubwa kwangu, na alikuwa na utaratibu wake. Hakumuuzia mtu kipuri kwa kubahatisha. Unaacha chako kwake, unachukua chake, unakaa nacho siku tatu. Ukiridhika unalipa, usiporidhika mnarudishiana bila maneno. Aliipokea prosesa yangu ya zamani, akaitia alama kwa kalamu, akaiweka kwenye trei ya mayai pamoja na za wengine.

"Hii ndiyo ya mwisho ambayo bodi yako inaweza kuipokea, mdogo wangu," alisema. "Juu ya hapo hakuna njia. Nenda katembee nayo."

Ijumaa jioni mwenzangu alishika tochi nami nikaifunga. Niliishika kwa kingo tu, maana vile vijipini vya chini ni vyembamba na kimoja kikipinda basi. Mashine ikawaka. Tulipofika kona ya daraja magari yalipita yote, moja baada ya jingine, laini, na yeye akaacha vitufe akaweka mikono kichwani. Tukagonga ukuta kwa sababu hiyo tu. Jumamosi tulikuwa wa tatu. Jumapili, baada ya yeye kurudi kutoka kanisani, tukashinda.

Alipanda juu ya kitanda akapiga vigelegele. Yule jirani Mkongo akagonga mlango. "Mama, iko ndoa humo ndani?"

"Iko ndoa, papa! Leta soda!"

Alileta kweli. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatutazama tukishinda tena, akasema tuache ubinafsi, naye apewe breki. Mwenzangu akamwambia breki ina mwenyewe. Ndiyo siku niliyomwona akicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Sijaona tena.

Usiku ule alipolala nilifungua daftari nikapima. Barabara tupu, thelathini na nne. Kona ya daraja, ishirini na tatu. Ishirini na tatu, idadi ileile niliyoipata kwa prosesa ya zamani nilipopunguza picha kidogo. Nikarudia mara tano. Tulikuwa karibu kulipia kitu ambacho tungeweza kukipata bure kwa kubonyeza kitufe kimoja. Zaidi ya hapo, prosesa mpya zilizokuwa zinaingia madukani zilikuwa na umbo jingine kabisa, ndefu kama kaseti ya video, na zilitaka bodi nyingine. Bodi yetu ilikuwa imefika mwisho. Hesabu haikuwa na shaka, na nilijisikia vizuri sana, kama kila mara ninapokipata kitu nilichokuwa nakitafuta.

Jumatatu sikuwa na kibarua. Niliing'oa nikapanda teksi.

Fundi alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa. "Umepima vizuri kuliko wanaonilipa," alisema. "Kweli, kwa mchezo huo haina faida kubwa. Na mwenyewe anasemaje?"

"Mwenyewe nani?"

"Shemeji. Amepita hapa asubuhi akienda kazini. Anacheka peke yake. Ameniambia mmeshinda."

"Nitamweleza."

Aliitoa prosesa yangu kwenye trei ya mayai, akaishika kidogo kabla ya kunipa. "Haya," alisema. "Mweleze."

Mwenzangu aliporudi kutoka kiwandani alikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kitambaa cha buluu, mabaki ya kiwanda, alichokishona saa ya chakula: kifuniko cha kompyuta cha kuzuia vumbi, kina sehemu ya waya kupita, na pindo mbili. Alikijaribisha juu ya skrini, kikakaa sawasawa. Akakiondoa, akavuta kiti. "Njoo, tuanze mapema leo."

Nilipaswa kusema hapohapo. Nilikaa, nisikumbuke hata kupunguza ukubwa wa picha. Tulifika darajani, picha ikakatika, tukagonga.

"Imeharibika?" aliuliza.

"Hapana. Nimeirudisha."

Aliachia vitufe, nami nikadhani anangoja maelezo. Nikafungua daftari. Nilimwonyesha kumi na nane na ishirini na tatu, nikamchorea umbo la prosesa mpya, nikamweleza habari ya bodi. Nilieleza vizuri. Mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyoeleza vizuri, naona aibu shingoni.

"Kwa hiyo haifai," alisema.

"Haifai. Tungoje mwaka ujao. Bei zitashuka, tutanunua mashine nzima."

Nilidhani nimempa mwaka mzima. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote neno kama hilo, "mwaka ujao", na nilikuwa nimelikusudia kweli. Lakini lilitoka kinywani mwangu, na maneno yangu, kama alivyosema, alikuwa nayo mengi.

"Tulikuwa tunashinda," alisema taratibu. "Mimi sikuuliza picha ngapi."

Akanyanyuka kwenda kuosha mchele. Hakukasirika. Ningejua la kufanya na hasira. Kwa wiki mbili zilizobaki aliongea nami kwa upole ule ambao mtu huongea nao na mgeni, na jioni alisema amechoka, tutacheza kesho. Simu ya dada yake ilipokuja nilimsikia kwenye korido akitaja siku ya safari.

Nilimbebea mizigo mpaka kituo cha mabasi. Ilikuwa asubuhi, watu wengi, wote wanasukumana na magunia. Pazia aliliacha dirishani. Kifuniko cha buluu alikifungia vyombo vyake vya udongo visivunjike, nami sikuthubutu kukiomba.

"Nikiinunua kesho?" nilimuuliza. Nilikuwa nimeshikilia mlango wa basi, na dereva alikuwa ananitazama vibaya.

Aliniwekea kiganja shavuni. "Usinunue," alisema. "Umeshapima."

Akapanda, akapata kiti upande wa pili, ambako sikuweza kumwona.

Niliishi kwenye chumba kile miaka mitatu zaidi, muda mrefu kuliko mahali popote tangu nitoke nyumbani. Hakuna aliyeniomba.