Nani Kampiga Tereza?

Tereza wa Usevya alikuwa fundi wa kuchambua mchele. Sikutanii. Akishakaa na ungo wake penye mwanga, alikodoa macho hata kupepesa akasahau, na ukila wali wake ukang'ata jiwe, basi jiwe hilo ulikuja nalo mwenyewe. Wenye harusi walimfuata kutoka vijiji vya jirani.

Shida yake ilikuwa machozi. Mwaka ule wa tisini na nne, kiangazi kilipokolea na upepo ukaanza kubeba pumba, macho yake yalishinda mekundu na machozi yanatiririka. Kisimani analia. Kanisani analia. Anacheka, huku analia! Na mumewe Gabrieli, mtu mpole ambaye hata kuku hamfukuzi kwa fimbo, akapachikwa jina: mpiga mke. Nani kaona? Hakuna. "Lisemwalo lipo," wakasema, wakaendelea kuteka maji yao.

Gabrieli hakujitetea. Aliacha kwaya, akawa anakaa benchi la nyuma kabisa.

Maneno yakamfikia Anselmo, kaka yake Tereza, kule kijiji cha Mamba. Akaja na baiskeli, hata maji ya kunywa akakataa.

"Fungasha, dada. Unarudi nyumbani."

"Kaka, sijapigwa."

"Wanaopigwa wote husema hivyo hivyo."

Hapo sasa! Akikana, anamficha mume. Akinyamaza, amekubali. Tereza alimpenda yule bwana wake, na roho ilimuuma kuona atampoteza kwa kosa ambalo hakulifanya. Ila alikuwa pia na udadisi wake wa tangu utoto. Haya maji yanatoka wapi? Mbona wakati wa masika yanapungua? Mbona upepo ukivuma yanazidi? Jirani alishampa asali ya Ugalla atie machoni. Weee! Iliwaka kama pilipili, na machozi yakaongezeka.

"Twende wote hospitali Mpanda," akamwambia kaka yake. "Ukasikie kwa masikio yako."

Wakadandia lori la mpunga. Nesi wa macho, mama mmoja mcheshi aitwaye Pudensiana, alimtia tone la dawa ya manjano, akamwambia asipepese, akammulika kwa tochi ya mwanga wa buluu. Akaguna.

"Mama, macho yako ni makavu."

Anselmo akacheka kwa hasira. "Makavu? Nesi, hilo shavu si unaliona?"

"Nimeliona. Maji yako shavuni. Machoni hayakai."

"Hayakai kwa nini?" Tereza akauliza, akisogeza kiti mbele.

Nesi akaeleza kwamba machozi si maji matupu. Juu yake hutanda mafuta membamba, yanayotoka kwenye vitundu vya ukingo wa kope. Vya Tereza vilikuwa vimeziba. Kwa hiyo maji yanakauka upesi, jicho linachoma, na mwili unakurupuka kumwaga machozi mengine mengi, ambayo nayo yanapita tu. Moshi, pumba na kukodolea mchele vinachochea. Akampa kichupa cha matone, akamwonyesha kukanda kope kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kisha kuzisugua taratibu kuelekea ukingoni. Asali marufuku.

"Nitapona lini?"

"Hii si malaria, mama. Ni ya kutunza, kama unavyofagia uwanja. Leo umefagia, kesho majani yamedondoka tena."

Anselmo hakuridhika. "Nakupa mpaka sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba mosi. Nikikukuta unalia, nakuchukua."

Nyumbani, Tereza akaanika juani vibakuli viwili vya maji, kimoja akikimiminia mafuta ya karanga juu. Gabrieli akadhani mkewe amechanganyikiwa. Jioni kile kisicho na mafuta kilikuwa kimepungua, chenye mafuta kiko vile vile.

"Umeona? Ndiyo macho yangu hayo!" Tereza akapiga makofi.

Basi Gabrieli akatoboa dirisha jikoni moshi upate pa kutokea. Tereza akajifunza kuupa upepo mgongo, na kupepesa kila akitoa jiwe. Mwanzoni hali ilikuwa ile ile, akaogopa kweli. Baadaye, kidogo kidogo, mashavu yakaanza kukauka.

Watakatifu Wote ikafika, mvua bado, upepo ule ule. Anselmo akaegesha baiskeli.

"Pepeta nione."

Tereza akapepeta, pumba zikaruka. Akapepesa macho, akaendelea. Chozi hakuna.

Kabla Anselmo hajasema neno, Gabrieli akatokea jikoni na beseni, hana habari ya mgeni. "Kaa hapa mke wangu, maji yasije yakapoa." Akakamua kitambaa, akajaribu joto lake mkononi, akakiweka polepole juu ya kope za mkewe. Ndipo alipomwona shemeji yake.

Anselmo alikuwa ameitazama ile mikono muda wote.

"Shemeji," akasema, "nimekukosea. Nisamehe."

Gabrieli, aliyenyamaza kiangazi kizima, akaketi chini na kulia kwa sauti.

Tereza akakiondoa kitambaa. Akamtazama mumewe, kisha kaka yake.

"Haya, kaka. Na huyu je, nani kampiga?"

"Sisi," Anselmo akajibu.