Mkuku wa Mtumbwi wa Mjomba

Mtumbwi wangu wa tanga niliuziwa na mjomba wangu, kaka yake mama, anayekaa Mugango. Aliuunda kwa mikono yake enzi za nguvu zake, na kati yake na mimi hakuna mtu mwingine aliyewahi kuumiliki. Mimi nauza vifaa vya ujenzi mjini Musoma, katika duka la watu, na nakaa Bweri na mke wangu na binti yetu mmoja. Tangu utoto nilitamani chombo changu cha tanga, kidogo, kisichohitaji petroli. Kwa hiyo mjomba aliposema amechoka, na kwamba angependa mtumbwi ubaki ndani ya ukoo, sikukagua kitu. Nilikubali siku hiyohiyo.

Ulikuwa umelala juani muda mrefu na mbao zimeachana. Tuliutengeneza kwa vitu vya kuokoteza. Mke wangu ni fundi cherehani. Alifumua viroba vya unga, akaviunganisha kwa mishono miwili miwili mpaka likatoka tanga, na kingo zake akazipiga turubai la lori lililochakaa. Dada yake wa Bunda alitutumia pamba chafu, ile isiyonunuliwa, ya kuzibia nyufa. Lami niliwaomba mafundi wa barabara, wakanipa masalio ya kwenye pipa. Nanga ilikuwa ringi ya gari. Maboya ya kujiokolea yalikuwa madumu matupu, kila mtu na mawili yake, yamefungwa kamba ya kupitisha kifuani.

Jumamosi nilikuwa nashinda Mugango na mjomba. Alinifundisha kusokota pamba iwe kama utambi, kuisukumia kwenye ufa kwa patasi butu, kisha kuifunika kwa lami ya moto kabla haijapoa.

"Usiishindilie kama unajaza godoro," alikuwa ananiambia. "Mbao ikilowa itavimba. Uiachie nafasi yake."

Baba yangu alifariki nikiwa sijamfahamu vizuri. Kuchuchumaa kando ya mwanaume mzima aliyenishikia mkono na kunielekeza patasi ikae vipi kulinipa raha ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Mke wa mjomba alituletea ugali na sato wa kuchemsha palepale ufukweni, tukala bila kunawa lami iliyoganda vidoleni.

Sehemu moja tu mjomba alinikataza.

"Hapo kwenye mkuku usiguse, mjomba," alisema. Sisi tunaitana hivyo wote wawili. "Lami ya zamani imeshashikana na mti. Ukiibandua, unaleta ugonjwa."

Mkuku ni ule mti mrefu wa chini kabisa unaobeba mbao zote. Nikauacha kama alivyosema.

Siku ya kwanza ya kusafiri tulipanga kwenda kisiwani Rukuba, mimi, mke wangu na binti yetu, kununua dagaa na kurudi. Tulikuwa tumeshapakia wakati mke wa mjomba alipoteremka ufukweni na kumshika mtoto mkono.

"Huyu muache kwangu, mwanangu," alimwambia mke wangu. "Jua kali. Mtamkuta."

"Ana kofia, mama," mke wangu alisema.

"Muache tu."

Mtoto akalia, lakini tukamwacha. Njiani mke wangu akasema yule mama ana upendo. Mjomba alikuwa bado amesimama majini hadi magotini, amenyoosha mkono juu.

Upepo ulikuwa mzuri wala haukuwa mkali. Tanga la viroba lilijaa, na mke wangu aliligusa akacheka peke yake. Tulipofika mahali ambapo Mugango imekuwa mstari tu nyuma yetu na kisiwa bado kidogo, nilihisi baridi nyayoni. Nilikagua nyufa tulizoziba, zote zilikuwa kavu. Maji yalikuwa yanatoka katikati, chini ya miguu yetu. Kila wimbi lilipotuinua nilisikia mtumbwi unalia kama mlango.

Mke wangu alichukua kopo na kuanza kuchota. Mimi nilishika kasia la kuongozea na tanga, sikuweza kumsaidia. Baadaye kopo likawa halitoshi, akavua kilemba akakishindilia kwenye ufa kwa kisigino, akawa anachota huku amekikanyaga. Tulivaa madumu yetu. Nakumbuka alinitazama mara moja tu na kusema, "Afadhali mtoto amebaki."

Wavuvi wa Rukuba walituona tunavyokwenda tukizama, wakaja na boti ya injini wakatuvuta hadi kambini kwao. Walituinulia mtumbwi, wakaulaza ubavu kwenye mchanga. Nilichukua panga nikabandua lami ya zamani kwenye mkuku. Chini yake kulikuwa na saruji. Mti wenyewe ulikuwa umeoza, ukachimbwa, na lile shimo refu likajazwa saruji, likalainishwa vizuri, likapakwa lami juu. Mimi nauza saruji kila siku. Nilikaa chini pale mchangani nikiwa na panga mkononi.

Mke wangu ndiye aliyesema nilichokuwa sitaki kukifikiria.

"Mama alijua pia," alisema. "Ndiyo maana alimchukua mtoto."

Tulirudi Mugango kwa boti ya abiria. Mjomba alikuwa uani anashona nyavu. Alipotuona tumetoka upande wa stendi ya boti, aliweka sindano chini. Mke wake alimtoa mtoto ndani, akamkabidhi kwa mama yake bila kumtazama usoni, akarudi jikoni.

"Ulijua?" nilimuuliza mjomba.

"Nilijua."

"Na ulituacha tuondoke."

"Mimi nilikuwaga naendaga nao hivyohivyo. Unavuja, unachota, unafika. Nilikuwa na shida, mjomba. Alikuja mtu kutoka Majita kuutazama. Akachoma msumari kwenye mkuku, msumari ukaingia wote, akaondoka zake. Ndipo nikatia saruji."

"Kwa hiyo ukaniita mimi."

"Wewe usingechoma," alisema.

Aliyasema hayo kwa upole, bila ukali wowote. Alichokitumia ni ule upendo wangu wa Jumamosi zote zile, na alikuwa amekaa nami akaupima, akaona unatosha kufunika mti mbovu.

Nilimpigia mama simu nikidhani atalia pamoja nami. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama tumefika salama. Nikasema ndiyo.

"Basi mshukuru Mungu," alisema. "Kaka yangu usimtangaze. Watu hawatakiwi kuingia mambo ya nyumba yetu."

Nilielewa kwamba angetetea jina la nyumba yao kabla ya uhai wangu. Yeye mwenyewe, nadhani, hakuliona hivyo.

Mtumbwi sikuuacha. Dereva mmoja wa lori alinipatia mti wa mvule kutoka Butiama, uliokuwa umeangushwa kupisha nyumba, nikauvusha hadi Rukuba umefungwa ubavuni mwa boti ya abiria. Wavuvi wale wale walinisaidia kutoa mkuku wa zamani na kupachika mpya. Ilichukua msimu mzima wa Jumamosi. Sikuwa na wa kunishika mkono, na nilipokosea nilirudia. Leo hauingizi maji zaidi ya mtumbwi mwingine wowote.

Mke wangu bado anashona matanga, ila Mugango haendi. Mimi naenda kwenye misiba, nasalimia, naondoka.

Mwaka jana mjomba alinikuta ufukweni Musoma, ninakoufunga mtumbwi, akaomba nimvushe Rukuba kumzika rafiki yake. Sikuweza kukataa msiba. Alikaa katikati, akachukua kopo akaanza kuchota matone machache yaliyorukia ndani, ingawa hakukuwa na haja. Karibu na kisiwa akainama akauangalia mkuku kwa muda mrefu, akaupapasa.

"Umeweka mti mzuri," alisema.

Nilimshikilia mtumbwi ateremke, kwa sababu mawe yanateleza na ni mzee. Akapanda taratibu kuelekea msibani. Jioni nilimwacha arudi na wengine.