Kiyoyozi cha Marangu na Bati la Jikoni

Habari ya msiba niliipokea sokoni Kiboriloni, nikiwa nimeinama nachagua ndizi za kupikia supu ya mtori. Muuzaji aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yule mama wa Marangu, aliyezoea kukaa kwenye gunia la jirani, amefariki kwa kichomi, na kwamba maziko ni Jumamosi kwenye kihamba chao, shamba la migomba la ukoo. Nilimjua marehemu tangu utotoni. Yeye na mama yangu mzazi waliuza ndizi bega kwa bega miaka mingi, na mama yangu alipotangulia, huyu ndiye aliyebaki kuniita mwanangu. Nilipanda Marangu kumzika. Nimerudi na majonzi, ndiyo, lakini zaidi nimerudi na kinyaa, na wasomaji waliozoea utani wangu wanisamehe leo.

Marehemu alikuwa na mtoto wa kiume aliyekwenda Dar es Salaam akatajirika. Ilikuwa miaka ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa na maduka tuliyokuwa tukipangia foleni ya sabuni yakajaa redio, majokofu na pasi za umeme. Kijana aliuza vitu hivyo, akajenga nyumba ya vigae pale pale kihambani, jirani na jiko la mama yake. Jiko hilo lilikuwa la mbao, lina mafiga katikati na ng'ombe upande mmoja, na ndimo mama alimolala, kwa kuwa ndimo mlimokuwa na joto. Bati lake lilikuwa limeoza. Kila masika maji yalimdondokea kitandani, na kila mwanawe alipokuja nyumbani alimwomba kitu kimoja tu, mabati mapya ya jiko. Mwanawe alimletea kiyoyozi. Msomaji asidhani amesoma vibaya. Kiyoyozi, Marangu, mahali ambapo Julai watu huota moto asubuhi mpaka jioni, na hata Desemba ukiingia kivulini migombani unatafuta sweta.

Sisi wa mlimani tuna desturi ya kupanda nyumbani Krismasi. Zamani tulipanda kuwaona wazee, kuchinja mbuzi na kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Miaka hiyo tukawa tunapanda kuonyeshana. Huyu ana dishi, yule ana geti la chuma, na kijana wetu alikuwa na kiyoyozi, ambacho lazima wageni wakikute kikifanya kazi. Kwa kuwa kiliwashwa sikukuu tu, kila mwaka kilikutwa kinapuliza hewa isiyo na ubaridi wowote, na kila mwaka fundi alipandishwa kutoka mjini na mtungi wake kuja kuongeza gesi. Gesi ile haiishi kama mafuta ya taa kwenye kandili. Inazunguka humo humo kwenye mabomba ya shaba, na ikipungua ujue kuna kiungio kinachovuja. Ungepaka povu la sabuni ukaona lilipo tundu. Fundi alilijua hilo, na tajiri aliambiwa. Lakini kutafuta panapovuja kunakula mchana mzima, na wageni walikuwa njiani. Amri ilikuwa ni kujaza tu, na fundi akajaza. Umeme nao aliuvuta kutoka laini ya taa, kwa waya mwembamba wa taa, kwani kulaza waya mnene wenye swichi yake yenyewe kungechelewesha sherehe. Fyuzi ilipokataa kuvumilia, akaweka kipande cha waya mahali pake. Fundi huyo alinichukiza sawasawa na tajiri wake.

Krismasi moja nilikuwepo. Taa zote zilizimwa, jokofu na redio vikachomolewa, ili kiyoyozi kipate nguvu. Tukaketi kwenye makochi tukipulizwa baridi, watu wazima tumeficha mikono kwapani, na kila mtu anasifu. Mama aliwekwa kiti cha mbele, chini ya mashine yenyewe, amejifunika blanketi mpaka kidevuni, anakohoa. Mwanawe akawatangazia wageni kwamba sasa mama anaishi kama yuko Ulaya. Haikupita muda dari likaanza kunuka plastiki inayoungua, moshi ukafuata, na mtu mmoja akakimbilia swichi kuu. Hakuna aliyeumia. Sote tulihamia jikoni kwa mama, tukazunguka mafiga, tukapewa mtori wa moto, na hapo ndipo nilipoona watu wakicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Tone likaniangukia shingoni. Mama alisukuma sufuria chini ya tundu bila hata kulitazama, kisha akaniambia taratibu, "Mashine yake ikivuja, mwanangu, fundi anapandishwa kutoka mjini. Bati langu likivuja, nasogeza kitanda." Maneno hayo nilimfikishia mwanawe uani. Akanijibu kwamba jiko lile linamwaibisha mbele ya watu, na iko siku atalibomoa.

Sina ugomvi na kiyoyozi. Mjini Moshi mwezi wa Februari kina kazi yake, na ruksa ilituletea mengi tuliyokuwa tumeyakosa. Kinachonichefua ni kwamba tulipopata uwezo wa kununua, tulianza kuwanunulia jirani zetu vitu vya kutazama, halafu tukaviita zawadi kwa mama. Bati la jiko lililoko nyuma ya nyumba halionekani kutoka barabarani, basi nani ahangaike nalo? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kile kiyoyozi kilitembezwa kila Krismasi.

Masika haya mvua ilikuwa kubwa. Mama alisogeza kitanda mpaka pa kusogeza pakaisha. Kifua kilipombana alidhani ni kile kikohozi chake cha siku zote, na alipofikishwa hospitali alikuwa hajiwezi tena. Kwenye maziko mwanawe alishika kipaza sauti, akalia kweli, akasema, "Mama hakukosa kitu. Nilimwekea hata kiyoyozi." Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa kumpongeza. Mimi nilishindwa kukaa. Nilizunguka nyuma ya nyumba nipate hewa, nikakuta jiko la marehemu linang'aa, limeezekwa mabati mapya kutoka ncha hadi ncha. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akikoroga chakula cha msiba yamekuja lini. Akasema bosi ameyaleta juzi, mvua isije ikaingia kwenye masufuria ya wageni.

Basi mwenye mzazi hai na amwulize anataka nini, kisha amletee hicho hicho, hata kama hakuna jirani atakayekiona. Amletee wakati mwenyewe bado yuko kitandani, anaisikia mvua inavyogonga bati na haimfikii.