Kichwa Tulichokipeleka Milimani

Babu yangu alikuwa na meno manne ya mbele yaliyochongwa yakawa na ncha. Vijana wa Taita wa enzi zake walichongwa hivyo, na aliyekataa alichekwa. Kila aliposhuka kutoka milimani kuja kutuona Changamwe, watoto wa majirani walimfuata ili tu wamwone akicheka, naye hakuwanyima. Akipata muwa aliupasua kwa meno hayo, na mlio wake ulisikika mpaka nyumba ya tatu. Nayataja meno mapema kwa sababu habari hii inaishia kwenye meno, na mimi sipendi msimulizi anayeficha kitu halafu akakitoa mwishoni kwa mbwembwe.

Tulikaa kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na jiko la nje. Baba alikuwa akifunga na kufungua mabehewa. Mama na mimi tuliuza kabichi, karoti na ndizi zilizoshushwa na treni kutoka kwetu, zikiwa bado na udongo mweusi wa milimani. Ndani ya chumba tulisema Kidawida. Ukivuka kizingiti, Kiswahili. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kimvita ambaye ukoo wake ulikuwapo hapo kabla ya reli, alituita "watu wa baridi" na alinunua kabichi zetu huku akizisema kwamba hazina ladha. Nilimpenda sana.

Babu alishuka mara ya mwisho akiwa anakohoa, akalazwa hospitali, na siku ya tisa akafariki. Ilikuwa masika, barabara ya kwetu milimani imekatika, na maiti haikuweza kungoja. Baba aliamua azikwe Changamwe. Baba mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, na ibada ilikuwa nzuri, lakini nilimwona baba mdogo, aliyeteremka kwa shida akafika tumeshafukia, akitazama lile kaburi kwa namna iliyonitia hofu.

Hofu yenyewe ilikuwa hii. Kwetu milimani, mtu mzima akizikwa bado hajafika. Upite mwaka au zaidi, ndugu hufukua, wakachukua kichwa peke yake, wakakipeleka kwenye pango la ukoo na kukiweka kwenye mwamba pamoja na vichwa vya waliomtangulia. Hapo ndipo anapokaa. Hapo ndipo wazao wake wanapomwendea mvua ikikosekana au mtoto akiugua. Asiyefikishwa huzunguka, hana kwake. Wamisheni walikuwa wamelikataza jambo hilo, na wengi waliacha, lakini wazee wa ukoo wetu walikuwa bado wanaendelea kimyakimya. Nafasi ya babu ilijulikana, kati ya baba yake na kaka yake. Baba mdogo alikwenda kuifagia majani kila baada ya mavuno.

"Mimi nimebatizwa," baba alimwambia. "Sifukui mtu."

"Na mama?" baba mdogo alimuuliza. "Mama amesema hafi mpaka mumewe afike. Utamweleza wewe kwamba umebatizwa?"

Baada ya mdogo wake kuondoka baba aliniita, akanipa kazi: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi niende makaburini, nipalilie, ninyooshe msalaba, ili angalau pale alipo awe na mtu wa kumwangalia. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kaburi lilikuwa safu ya tatu, mkabala na miarobaini miwili. Nilipanda kichwani pake mmea wa majani marefu ambao kwetu huwekwa kwenye mipaka ya mashamba, nikaumwagilia maji kwa kopo la maziwa.

Nilikwenda miezi mitano. Naandika hesabu hiyo kwa sababu baba aliamini nilikwenda miaka miwili na nusu.

Nilipata rafiki, mshona nguo, ambaye kaka yake alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Shelly Beach. Jumamosi tulivuka feri hadi Likoni, tukakaa mchangani nyuma ya jiko, tukala mihogo ya kukaanga na masalio ya keki za Wazungu. Nilikuwa msichana, nilichoka kuwa na babu aliyekufa. Nikirudi, kabla ya kuingia landi nilichota udongo mwekundu kando ya reli nikaupaka kwenye pindo la gauni na kwenye kucha.

"Umepalilia?" baba aliuliza.

"Nimepalilia."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Alikuwa akisema hivyo kila mara, na kila mara nilikwenda nje kunawa.

Mwaka wa uhuru ulipofika, kila mtu alizungumza habari ya kurudishiwa chake. Likaja tangazo: eneo la makaburi yale litajengwa maghala, wenye wafu wao waje wawahamishe kabla ya mwisho wa mwezi, baada ya hapo trekta litasawazisha. Baba mdogo alifika siku ya nne na jembe la mpini mfupi, kikapu kipya, na salamu za nyanya. Nyanya alikuwa ameacha kula uji, anakunywa maji tu, anangoja. Baba alizungumza peke yake kwa siku mbili, kisha akaenda kutia sahihi.

"Ninahamisha kaburi," alisema. "Basi. Mengine siyajui."

Asubuhi ya kwenda, bibi wa Kimvita alinikuta nikifua.

"Mwanangu."

"Abee, bibi."

"Nasikia mwenda kumfukua mzee wenu. Kwetu maiti haguswi, wallahi, lakini kila watu na yao. Nakuuliza neno moja tu. Hilo kaburi, una yakini nalo?"

"Nina yakini, bibi."

Alinitazama kidogo, akasema inshallah, akaingia ndani. Kwa nini aliuliza? Labda aliniona siku fulani nikijipaka udongo kando ya reli. Sikumuuliza, na sasa hayupo.

Tulipofika makaburini nilijua kwamba nimekwisha. Misalaba ilikuwa imeng'olewa kwa kuni. Miarobaini yote ilikuwa imekatwa, na visiki vilikuwa vingi kuliko miti niliyoikumbuka. Mvua za masika matatu zilikuwa zimeyadidimiza makaburi yakawa mabonde madogo yanayofanana, na familia nyingine zilikuwa zinachimba huku na huko, kila mmoja akipiga kelele. Mmea wangu sikuuona. Ungeonekanaje, na sikuumwagilia maji?

"Lipi?" baba mdogo aliuliza.

Baba naye alinitazama. Hakuwa na shaka hata chembe. Aliniamini kama anavyoiamini saa yake ya reli. Neno "sijui" ni dogo, mtoto wa miaka miwili analiweza. Nililitafuta mdomoni nikakuta aibu imejaa huko kote. Niliona bonde moja lenye jani refu lililokauka, jani ambalo lingeweza kuwa la kitu chochote.

"Ni hili," nilisema.

Baba alikwenda kusimama kwenye uzio akatupa mgongo. Baba mdogo alichimba mwenyewe, polepole, akizungumza na babu kwa Kidawida, akimwomba radhi kwa kuchelewa. Kilipotokea kichwa hakukisafisha wala kukitazama sana, maana kuosha ni kazi ya nyumbani. Alikifunga na udongo wake katika kitambaa cheupe cha marekani, akakiweka kikapuni, akaifukia ile mifupa mingine vizuri. Juu ya kikapu tulipanga mikate na vipande vya papa mkavu, ili abiria wasiulize.

Basi liliondoka kesho yake saa nne asubuhi. Kikapu nilikipakata mimi, kwa sababu, baba mdogo alisema, mimi ndiye niliyemtunza. Mpaka Mariakani nilijikaza. Halafu nikapenyeza mkono chini ya mikate, nikatafuta tundu kwenye kitambaa, nikafikicha udongo kwa kidole, nikayafikia meno.

Yalikuwa bapa. Mazuri, mazima, bapa. Niliyapapasa tena na tena kuanzia kushoto, nikidhani labda udongo unanidanganya. Pembeni yangu baba mdogo alikuwa amesinzia, na usoni alikuwa na raha ambayo sijawahi kumwona nayo tena. Ningeweza kumwamsha. Siku zilizobaki kabla ya trekta zilikuwa tatu. Tungeshuka Voi, turudi, tuchimbe safu nzima ikibidi, na ncha za meno zingetuambia. Nilikuwa na muda wa kutosha na nilijua ninao. Nikatoa mkono, nikaufuta kwenye gauni, nikakaa kimya mpaka Voi, na kutoka Voi nikakaa kimya kwenye lori lililotupandisha milimani.

Nyanya alikuwa ameketi kwenye mlango wa nyumba yake, chini ya migomba. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu.

"Kwawuka mana?" nilimsalimu kwa salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa alasiri. Ndiyo salamu pekee iliyonijia.

Alinyoosha mikono. Aliomba apelekwe kwenye mfereji unaonywesha mashamba ya ngazi, mimi na yeye tu, kwa kuwa mjane huosha na mjukuu humshikia maji. Nilimmiminia kwa kibuyu. Alifungua kitambaa akaosha paji, akaosha mashimo ya macho, akiimba kwa sauti ya chini. Kidole gumba chake kikafika kwenye meno. Kikapita, kikarudi, kikapita tena. Wimbo ukakatika.

Maji yalikuwa yakikimbia mferejini. Nilitaka anipige.

"Huyu si mume wangu," alisema.

"Nyanya, nisamehe. Niliacha kwenda. Sikulijua tena kaburi."

"Baba yako anajua?"

"Hajui."

"Na mdogo wake?"

"Hajui."

Aliendelea kuosha, kwa uangalifu uleule, hata nyuma ya taya.

"Huyu naye ana mama yake," alisema. "Amebebwa safari yote hii, hawezi kurudishwa akatupwa. Atakaa pale. Wewe nyamaza, wasije wakakosa usingizi wanangu wote."

"Na babu?"

"Babu yako umemwacha wewe, utakaa naye wewe."

Hakulisema kwa ukali. Ningependa kusema kwamba alilisema kwa ukali.

Kesho yake wazee walikipeleka kichwa pangoni. Kabla ya hapo kila mmoja wa ukoo alipewa kinywa kimoja cha mbangara, pombe yetu ya muwa, akaipuliza chini akitamka kwamba moyoni mwake hakuna kinyongo wala jambo lililofichwa. Ndivyo tunavyosafisha njia. Nyanya alipuliza, akatamka. Zamu yangu ilipofika nilipuliza na kutamka maneno yote, neno kwa neno, mbele ya watu. Yule mgeni wakamweka kati ya baba yake babu na kaka yake babu. Nyanya alianza kula uji jioni hiyohiyo, na wote walishangilia. Bendera mpya ilipopandishwa alikuwa hai. Alikufa wiki chache baadaye, akazikwa uwanjani mwa kanisa, na kichwa chake hakuna aliyekiinua. Mumewe hakuwapo pangoni kumngoja, na hilo tulilijua yeye na mimi tu.

Maghala yalijengwa. Niliolewa na mtu wa kwetu, na alipostaafu alitaka turudi milimani, kwenye mashamba na hewa nzuri. Tuligombana miaka miwili. Nilimwambia kwamba baridi inaniumiza magoti. Alirudi peke yake, akawa anakuja mara mbili kwa mwaka, na watu walisema nimekuwa mwanamke wa pwani mwenye kiburi. Waliosema hivyo niliwaacha waseme.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi naenda mpaka kwenye ukuta wa ghala. Sijui yuko upande gani, kwa hiyo nauzunguka wote. Namsalimu kwa Kidawida, namweleza nani amezaliwa na mahindi yamekuwaje huko juu. Bawabu hunipa kiti. Anadhani mwanangu alifanya kazi humo akafa. Na mara nyingine, mchana ulio mtulivu, malori yakiwa yamezima, nasikia muwa ukipasuka. Mara moja tu, wazi kabisa, karibu. Nimeshazoea kuogopa.

Wanangu wameniuliza wanizike wapi. Nimewaambia Changamwe. Mkubwa alikasirika, akasema hata maiti yangu inaikataa milima. Nikamwambia anizike hapa, karibu na maghala kadiri itakavyowezekana, na mtu yeyote asinifukue.