Kufuli la Sanduku la Majaketi

Mama wa Kizungu aliyetengeneza filamu ya ziwa letu alianza kazi kwao Uingereza kwa kuwachemshia waigizaji chai. Alinieleza mwenyewe, tumekaa juu ya magunia kwenye soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba. Akatoka kwenye chai akawa mbeba nyaya za kamera, nyingine alizibeba hapa hapa Tanzania akiwa binti, ndipo alipookotea Kiswahili. Sasa tuzo zimemjaa kabatini. Yeye ndiye anayetafuta fedha za filamu, anaajiri, anaamua kipi kibaki na kipi kitolewe. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kazi yake niliielewa upesi.

Alitaka nieleze boti ilivyozama nami nikapona. Mwenye boti ni mume wa dada yangu. Asubuhi ya kurekodiwa alikuja kunipanga.

"Shemeji, sema upepo. Ilikuwa kazi ya Mungu."

"Mungu ndiye aliyefunga kufuli?"

Maana majaketi ya kuokolea maisha yalikuwemo botini, mapya kabisa, ndani ya sanduku lenye kufuli, ati abiria wasiyaibe. Ufunguo ulibaki nchi kavu, mfukoni mwake. Mimi nilipona kwa kung'ang'ania dumu tupu la mafuta ya kula. Wenzangu hawakupata dumu. Niliwaeleza viongozi waliokuja kuchunguza ajali yote hayo, wakaandika "upepo". Tangu hapo sikumwamini mtu mwenye kalamu, sembuse mwenye kamera.

Basi mbele ya kamera nikaanza kuzungukazunguka, mara samaki, mara bei ya kuni. Ghafla wingu likatanda ziwani na dagaa zilikuwa zimeanikwa mchangani. Kwetu mvua ikija huulizi dagaa za nani, unazoa zilizo karibu nawe. Nikachomoka mbio, nikamwacha mpiga picha kaduwaa. Kugeuka, namwona mama yule, mvi kichwa kizima, kapiga magoti anazoa dagaa kwa kofia yake.

"Mama, unazijaza mchanga!"

"Nifundishe basi, mbona unanigombeza tu!"

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Tukajibanza chini ya turubai, wote tunanuka dagaa. Nikamwambia mpiga picha awashe. Nikasema kufuli, ufunguo, na ni mfuko wa nani.

"Hayo yatabaki?" nikamuuliza mama.

"Yatabaki. Wa kutoa ni mimi, na sitoi."

Filamu ilipokamilika aliirudisha mwenyewe, ikaonyeshwa mchana katika ukumbi mmoja Pasiansi. Shemeji alikuja na shati la pasi, akakaa mstari wa mbele. Nilipofika kwenye kufuli, ukumbi mzima ukamgeukia. Alitazama magoti yake hadi mwisho. Dada yangu aliinuka pembeni yake, akaja kukaa na mimi.

Sijamsamehe. Boti iliopolewa, bado ni yake na bado inapakia abiria. Ila kila asubuhi nikienda kununua dagaa napita gatini kuchungulia lile sanduku. Halina kufuli. Naendelea na safari yangu, nimeridhika.