Wavu Uliochomwa Ufukoni

Bwana yangu alikuwa akivua sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, tangu nilipomjua, nami niliwaanika na kuwauza soko ya Kadutu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeona kwanza kwamba samaki wanazidi kuwa wadogo. Wateja waliwachambua kwa vidole, wakaniuliza kama siku hizi nauza watoto wachanga. Nilimwambia bwana yangu, naye hakubisha.

Ndiyo maana serikali ilipofunga ziwa ili sambaza wazae, hatukulalamika. Tulikula sombe na ugali. Bwana yangu akashinda barazani akishona wavu, mimi nikimshikia upande wa pili.

Ziwa lilipofunguliwa, alishuka ufukoni asubuhi na wenzake. Nikamfuata na beseni. Tulikuta maajenti wa serikali wakipima nyavu. Walisema matundu ya nyavu zetu ni madogo, sheria imebadilika, zote zichomwe. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Wakazirundika mchangani, wakamwaga petroli.

Bwana yangu hakugombana. Alivua kofia, akamwuliza mkubwa wao, "Chef, ile wavu munataka, tutaipata wapi?"

Yule mtu alimtazama kidogo. Hakuwa mbaya. Nadhani alikuwa na haya.

"Papa, mimi walinituma kuchoma tu," akasema. "Ya kupata, siyijue."

Wavu wa nailoni hauungui kama kuni. Unajikunja, unayeyuka, unadondoka matone meusi. Upepo wa ziwa ulituletea moshi machoni, na hakuna aliyesogea.

Tulizunguka madukani mjini kote, wavu wa kipimo kile hatukuupata. Wakubwa wa wavuvi walisema tungoje, kuna mradi wa nyavu unakuja. Tukangoja. Mwishowe bwana yangu alifunga nguo zake, akasema anaenda Shabunda kuchimba dhahabu. Nilimwambia hajawahi kushika sururu. Akajibu kwamba watu wanajifunza.

Sasa nauza sambaza wanaovushwa kutoka Rwanda. Ni wa ziwa lilelile. Nikishuka ufukoni naona milima ya ng'ambo, naona mitumbwi yao.

Bwana yangu ananipigia akipanda mahali penye rezo ya simu. Anauliza kama nyavu zimefika. Namwambia bado. Anauliza kama watoto wanasoma, na kabla sijamaliza kumjibu, simu inakatika.