Kiti cha Kaka Juu ya Mti

Miaka ile ya elfu mbili na kidogo, huku Marekani, kaka yangu mkubwa alikaa Germantown na mkewe na watoto, mimi Oxon Hill. Mfanyakazi mwenzake mmoja, mwenye shamba lenye msitu, alimkaribisha akawinde kulungu kwa upinde. Kaka alifurahi mno. Nyama ya kuwinda mwenyewe, kwa bismillahi yake mwenyewe, alisema, hiyo haina shaka.

Dukani tulikaa sana. Alitaka kiti cha kupandia mti, ambacho mwindaji hukalia huko juu akiwangoja kulungu, kile chenye vipande viwili: unakalia cha juu, unainua cha chini kwa miguu, unasimama, unasukuma cha juu, hivyo hivyo mpaka unafika unapotaka. Muuzaji alitutolea cha chuma chenye mnyororo. Kaka akautikisa mnyororo, ukalia, akakirudisha. Akachagua cha alumini, chepesi, kinachoukumbatia mti kwa waya mnene uliovishwa mpira.

"Hiki nacho kinaongea," aliniambia tulipofika gereji kwake, akikigonga kwa kijiko.

Basi tukakaa chini kukinyamazisha. Tulikatakata mpira wa ndani wa baiskeli, tukatia kipande kwenye kila bolti. Shemeji, mkewe, alituletea mabaki ya zulia, tukayabandika pale miguu inapokanyaga na pale vyuma vinapogusana. Kaka akagonga tena, akasikiliza, akazungusha utepe zaidi. Mwisho kijiko kilikuwa kama kinagonga godoro. Sikuwa nimemwona ametulia vile tangu tufike Marekani.

Asubuhi ya kwanza umande ulikuwa umeganda. Niliketi chini ya mti mwingine, ng'ambo ya kijilima, simwoni. Nilisikia kishindo kimoja tu, kizito, kama gunia limeshushwa. Hakuna chuma kilicholia, nikadhani ni tawi bovu. Kisha nikasikia sauti yake, ya chini, kana kwamba bado anaogopa kuwashtua kulungu.

"Mdogo wangu, njoo."

Nilimkuta amelala chali. Kipande cha chini kilikuwa kimeteleza kwenye gome lenye barafu. Mkanda wa usalama alikusudia kuufunga akishafika juu.

"Miguu siisikii," alisema. "Usiniinue."

Nilimfunika koti langu, nikapiga simu, nikamsomea kila sura niliyoikumbuka mpaka gari la wagonjwa likafika.

Hakutembea tena. Nyumba yao ilikuwa ngazi tupu, kwa hiyo kitanda chake kiliwekwa sebuleni. Shemeji alikuwa akirudi kutoka kazini hospitali, anamgeuza ubavu, ndipo naye analala. Mimi nilikwenda kila wikendi. Tulizungumza mpira na siasa za nyumbani, kila kitu isipokuwa msitu. Siku moja aliniambia, akitazama dari, "Ningekufa palepale, ingekuwa nafuu kwa shemeji yako."

Shemeji alikuwa jikoni. Alisikia. Akaendelea kukata vitunguu.

Majira ya baridi ya pili, kidonda cha mgongoni kilioza, homa ikapanda, akafariki. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Miguu yake ilikuwa imekonda kama ya mtoto. Niliishika mmoja mmoja, nikaimwagia maji ya uvuguvugu, nikiyapima kwanza kwa kiganja yasije yakamchoma.